Kompyuta Imegoma Kuwaka? Okoa Kazi Yako Kwanza
Tunajua vile stima hupotea Kayole na Umoja bila hodi. Ikipotea wakati kompyuta ya saiba yako inajisasisha, faili za Windows zinaweza kuharibika, na asubuhi mashine inagoma kuwaka. Usipanic: mara nyingi rekodi zako za biashara bado ziko kwenye diski. Windows 10 au 11 ikishindwa kuwaka mara kadhaa, huleta yenyewe ukurasa wa marekebisho. Jaribu Startup Repair kwanza. Ikikataa, tafuta fundi, lakini atoe nakala ya kazi yako kabla ya kufuta chochote. Malipo je? Lipa kwa Till, hakikisha jina kabla ya kukamilisha malipo, kisha hifadhi ile SMS. Mashine ikigoma tena, ndiyo risiti yako.