Kamba Iliyokazwa Mno Hubeba Zaidi ya Nguo

Kamba ya kuanikia nguo ikikatika uani, lawama humwangukia yule aliyeanika blanketi. Mara nyingi mwenye kosa ni yule aliyeifunga, na kosa lake ni kuikaza mno. Ndugu msomaji, jambo hili waweza kulithibitisha jioni moja pamoja na watoto, kwa misumari miwili, ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira mkuukuu wa baiskeli, na pakiti ya sukari ya kilo 1.

Pigilia misumari ubaoni kwa usawa mmoja, sentimeta 60 baina yake. Funga ukanda kwa ulegevu, kisha uning'inize sukari katikati barabara. Mpira utarefuka, utashuka, halafu utatulia. Kutulia huko ndiko kiini cha hesabu yetu. Pale sukari ilipofungwa nguvu tatu zinavutana na hakuna inayoshinda: uzito wavuta chini, na pande mbili za mpira zavuta juu kwa mshazari.

Nguvu, kwa kuwa ina kipimo na mwelekeo, huitwa vekta, nayo huchorwa kwa mshale. Tuseme katikati pameshuka sentimeta 40. Basi kila upande wa mpira una sentimeta 50. Ni ile tatu, nne, tano ambayo mafundi waashi huitumia kupata pembe mraba ya msingi. Kila upande unainua nusu ya mzigo, gramu 500. Chora mshale wa sentimeta 4 kwenda juu uwakilishe gramu hizo. Mshale wa mshazari, unaofuata mpira wenyewe, utakuwa wa sentimeta 5, yaani gramu 625. Huo ndio mvuto uliomo mpirani. Wa tatu, ulalao, ni wa sentimeta 3: gramu 375 zisizoinua kitu, bali zinaivuta misumari ikaribiane.

Zingatia kwamba hatukuuliza mpira umetengenezwaje. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni kwamba kitu hurefuka kwa kadiri kinavyovutwa. Springi huitii vyema, lakini mpira ni mkaidi: hulegea mwanzoni, kisha hukaza ghafla ukikaribia mwisho wake. Mishale haijali ukaidi huo. Yataka uzito na mshazari tu.

Sasa tuirudie kamba ya uani. Nguzo zimeachana meta 6, na blanketi bichi la kilo 8 limetundikwa katikati. Kamba ikishuka sentimeta 60, mvuto wake ni kama kilo 20. Ikishuka sentimeta 10 tu, mvuto wafikia kilo 120! Blanketi ni lile lile. Kilichobadilika ni mshazari. Kamba ikikaribia kulala kabisa, karibu nguvu yake yote huishia katika kuzivuta nguzo.

Mpira hujiokoa kwa kurefuka na kushuka. Waya hauna huruma hiyo: hung'oa msumari, au hulaza nguzo iliyochimbiwa shimo fupi, pengine watoto wakicheza chini yake. Kwa hiyo iache kamba ishuke kidogo. Anayechelea shuka zake kuburura mchangani na arefushe nguzo, au asimamishe mti wenye panda katikati.