Salfa Isipofika Kileleni

Kati ya Juni na Septemba, kabla hakujapambazuka, mashamba ya Newala na Masasi hunguruma. Ni mashine za kubeba mgongoni, zinapuliza unga wa salfa kwenye mikorosho. Mashine ikiwa nzima, unga hupanda hadi kileleni na kutua kwenye maua. Ikiwa na hitilafu, unga huishia matawi ya katikati, na ubwiriunga huendelea kula maua ya juu bila bughudha. Mkulima huiona hasara baadaye, maua yakishageuka kahawia na kukauka.

Ubwiriunga ni ukungu unaosafiri kwa upepo na kushambulia sehemu changa: machipukizi, maua na korosho ndogo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Kuhamishiwa kwa watu vijijini na bei duni vilichangia, lakini ugonjwa huu ulikuwa na sehemu kubwa. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, ndio waliohimiza salfa. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua huzama mchangani na maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, dawa isiyohitaji hata ndoo moja ya maji ni neema.

Ila unga hauna wa kuubeba isipokuwa hewa. Tuseme hewa inatoka kwenye mdomo wa bomba wenye upana wa sentimita 6, kwa kasi ya mita 80 kwa sekunde. Inapopanda huiburuta hewa tulivu ya pembeni na kuchoka. Ikifika mita 10 imebaki na kama mita 3 tu kwa sekunde, na mkorosho mkubwa hufika huko. Akiba ni ndogo mno. Mzunguko wa feni ukipungua kwa asilimia 20, presha yake hushuka kwa asilimia 36.

Kwa hiyo usikimbilie kufungua injini. Funga koki ya unga, washa mashine, elekeza bomba kileleni, utazame majani. Yakitikisika, hewa ipo. Tatizo ni unga. Mara nyingi umeshika unyevu ukaganda mabonge chini ya tangi, au gasketi ya mfuniko imechoka na salfa inamrudia mbebaji mgongoni. Umwage, uukaushe mbali na moto, uuchekeche.

Majani yakitulia tuli, papasa hosi yenye mikunjo, hasa pale inapopindwa kila siku. Ufa hujificha katikati ya mikunjo hosi ikiwa imelala; inyooshe injini ikizunguka, upitishe kiganja polepole, utaisikia hewa inavyochoma.

Hosi ikiwa salama, ndipo injini ishukiwe, kuanzia chujio la hewa. Mashine hii inavuta hewa ileile iliyojaa salfa. Chujio likiziba, petroli inaizidi hewa: plagi hutoka nyeusi, eksozi hutoa moshi mzito, na ukivuta gesi mpaka mwisho injini haichanganyi. Anayekimbilia kukaza skrubu ya kabureta kabla ya kusafisha chujio anaficha ugonjwa, na chujio likija kusafishwa injini itakosa petroli ya kutosha na kupata moto kupita kiasi.

Kuna pia mnyororo mwembamba unaoburuzwa chini kwenye mashine nyingi za unga. Usiukate. Unga ukisuguana na bomba huzaa umeme, na salfa inawaka. Mnyororo huo huupeleka umeme ardhini.

Kombaini za kisasa za ngano zina vihisi vinavyopapasa ardhi na kupandisha au kushusha kichwa cha kuvunia vyenyewe. Mashine ya korosho haina kihisi. Urefu hupimwa kwa jicho na mkono wa mpuliziaji, gizani. Ndiyo maana naamini mafunzo yake yanastahili uzito uleule wa dawa yenyewe.

Chembe ya salfa yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita huchukua karibu nusu saa kushuka mita 10 katika hewa tulivu. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande, hupata muda wa kunasa. Jua likipanda, hewa ya chini hupata joto, huinuka, na kuondoka nayo. Ukiona majani yanatikisika, wingu linafika kileleni, kisha linahamia shamba la jirani, mashine yako haina kosa. Zima, uendelee kesho alfajiri.