Mgongo Ulioinama, Akili Isiyotua: Yoga na Taamuli kwa Anayeanza

Katika miteremko ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi vingi. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika, shimo baada ya shimo, migongo imeinama. Ukiteremka hadi Mbamba Bay na Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, utawakuta wavuvi wa usipa ambao usiku wao ni kazi na mchana wao ni usingizi wa mang'amung'amu. Kazi zao ni mbalimbali, lakini malalamiko wanayotuletea kliniki hufanana: mgongo unauma na akili haitulii.

Wengi hutafuta nafuu katika vidonge vya diklofenaki, wakivimeza kila siku kwa miezi. Hapo ndipo penye hatari. Dawa za kundi hilo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu, kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba maumivu sugu ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa. Yoga na mafunzo ya taamuli ni miongoni mwa njia kilizozitaja.

Anayeanza hudhani kwamba yoga ni kupinda viungo na taamuli ni kufuta mawazo yote kichwani. Hivyo huchagua moja na kuiacha mapema. Mwenye mgongo mkavu hawezi kuketi kimya, kwa maana maumivu humwita kila dakika; naye anyooshaye viungo huku akili ikiwa sokoni amefanya mazoezi tu. Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, alitaja hatua nane za yoga: mikao ya mwili ni ya tatu, taamuli ni ya saba. Mwili hutayarishwa kwanza ili utulivu upate mahali pa kukaa. Jon Kabat-Zinn alifuata muungano huo alipoanzisha, mwaka 1979 huko Massachusetts, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akichanganya taamuli na yoga nyepesi.

Dakika 20 zatosha, alfajiri kabla ya shamba au baada ya kutoka ziwani, tumbo likiwa halijashiba.

Kwanza, dakika 10 za mwili. Piga magoti na kuweka viganja mkekani. Ukivuta pumzi, teremsha mgongo kidogo na kuinua kifua. Ukitoa, upinde juu kama paka anayejinyoosha. Rudia mara 8, polepole. Kisha kalia visigino, nyoosha mikono mbele na kulaza paji la uso mkekani kwa pumzi 5. Maliza kwa kusimama wima, mabega yamelegea.

Pili, dakika 5 za pumzi. Keti kwenye kigoda. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Hizo ni takribani pumzi 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20. Kasi hiyo ndogo huipa nguvu sehemu ya mfumo wa neva inayopunguza mapigo ya moyo.

Tatu, dakika 5 za taamuli. Acha pumzi iende yenyewe, uihesabu kuanzia 1 hadi 10. Mawazo ya bei ya kahawa au karo ya watoto yakikuchukua, usijilaumu. Rudi kwenye 1. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Wagonjwa huuliza kama jambo hili linagongana na imani yao. Hapa tunatumia mwili na pumzi tu. Atakaye kuujaza ukimya kwa sala yake, na aujaze.

Mhudumu wa afya, usimfundishe mgonjwa kabla ya kumchunguza. Homa, kupungua uzito, mguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kumpa rufaa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hakitibiwi kwa mkeka. Mwenye glakoma asiinamishe kichwa chini. Mwenye sonona kali au kumbukumbu za kutisha huenda ukimya ukamzidishia. Aanze na mwendo wa mwili pekee. Nawe mgonjwa, usiache vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu umejisikia vizuri. Pima, kisha zungumza na daktari wako.

Mashimo ya ngoro huzuia maji ya mvua yasiporomoke na udongo. Huyatuliza hadi yazame ardhini. Dakika hizi 20 zifanye kazi kama hiyo ndani yako, kila siku, kidogo kidogo.