Mtoto anayekojoa kitandani tusimbebeshe aibu



Kuna jambo la asubuhi katika parsele zetu ambalo tumelizoea mno. Mtoto wa miaka 7 au 8 amekojoa usiku. Anaambiwa abebe godoro mwenyewe mpaka nje, na watoto wa jirani wanaanza kumwimbia. Tunafikiri akiaibika sana ataacha. Sisi walimu tunamwona darasani: anakaa pembeni, anaogopa kwamba ananuka, hanyoshi mkono hata kama jibu analijua. Na usiku anakojoa tena.

Mtoto huyu si mvivu wala mkaidi. Anakojoa akiwa usingizini, bila kujua. Chini ya miaka 5 ni jambo la kawaida. Na hata mtoto aliyekwisha kuacha anaweza kuanza tena kwa sababu ya hofu. Hapa Mugunga hofu tunaijua. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za wahamishwa, hapa kwetu na Lac Vert. Januari 2025 vita viliingia Goma mjini. Sisi wakubwa bado tunashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Mtoto naye mwili wake unakumbuka, ingawa mdomo hausemi.

Lugha yetu ina haya na ina aibu. Haya ni adabu ya moyoni, inamfundisha mtoto kuheshimu wengine na kujisitiri. Aibu ya godoro inamwambia kwamba yeye ni mbaya, kwa jambo asiloweza kulizuia. Anachojifunza ni kuficha. Leo anaficha nguo zilizolowa. Kesho, mtu akimgusa vibaya njiani akienda kuteka maji, atalificha na hilo.

Tufanye nini? Jioni tumpunguzie vinywaji, na akojoe kabla ya kulala. Tutandike plastiki juu ya godoro. Asubuhi tufue pamoja naye bila kelele, na tumwambie, "Si kosa lako, itaisha." Kama anasikia maumivu akikojoa, ana homa, au ana kiu isiyo ya kawaida, tumpeleke kituo cha afya.

Tusimsahau mama yake. Sabuni ni pesa, maji ni bidoni mgongoni, na pengine wanalala wanne kwenye mkeka mmoja. Akipiga kelele, mara nyingi anaogopa majirani watasema hajui kulea. Kumwambia tu "vumilia" hakumsaidii. Tumkaribie faraghani, tumsikilize mpaka amalize, tusimlinganishe na fulani, na alilotuambia tusilipeleke kisimani.

Juma hili, kila mmoja wetu aanze na watoto wake mwenyewe: wimbo wa kumcheka mwenzao usisikike tena katika parsele yetu.