Utepe wa Mkono na Gunia la Unga

Apitaye Mtaa wa Msimbazi alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Kariakoo, akajipenyeza kati ya matenga ya nyanya, mafungu ya mchicha na magunia ya maharage, huona taabu kusadiki kwamba katika vyumba vya kupanga vya Gerezani na Jangwani, hatua chache tu kutoka hapo, mtoto aweza kudhoofika kwa kukosa lishe. Lakini wingi wa chakula sokoni ni jambo moja, na kiingiacho chunguni mwa mtu alipwaye kwa kutwa ni jambo jingine. Jina lenyewe la Kariakoo ni shahidi wa kale. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao Waingereza waliwapigisha kambi hapa, na wapagazi hao walifariki kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa maradhi na posho duni.

Watu wanaotaka kujitolea katika vikundi vya lishe vya mitaani aghalabu hunijia na azma njema na gunia la unga wa lishe. Azma naipokea, gunia nalitazama kwa hadhari. Unga huo, ambao kwa desturi ni mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga zilizosagwa pamoja, kwa itikadi kwamba punje zikizidi aina na nguvu nayo huzidi, una ila yake. Kila punje ina muda wake wa kuiva, na soya isiyoiva barabara huzuia mwili usisage protini, hata uji uliokwisha kuiva kwa upande wa mchele ukawa mbichi kwa upande wa soya. Zaidi ya hayo, mahindi na karanga zilizoota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na karanga mbovu ikishasagwa, hakuna jicho litakaloichambua. Heri uji wa nafaka moja, ukatiwa maziwa, au karanga zilizochaguliwa moja moja na kutwangwa nyumbani. Na ile picha ya mtoto mnene iliyo juu ya mfuko isimghuri mtu.

Basi mwenye kujitolea afanye nini? Apime, na akisha kupima arudi tena. Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1975, mwaka uleule lilipofunguliwa jengo la soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, vikundi vya watu wazima nchini vilikaa mbele ya redio kujifunza katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Na miaka ya 1980 mkoani Iringa, katika vijiji 168 vya mwanzo vya mpango wa lishe, watoto walipimwa uzito hadharani, kisha wanakijiji wenyewe wakaulizana kwa nini fulani amepungua. Naliona swali hilo kuwa na thamani kupita mizani yenyewe, maana huenda jawabu likawa si chakula, bali ni kuhara, au mama atokaye usiku kwenda kuchuuza.

Mjini, utepe wa kupimia mkono watosha kwa kuanzia. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huzungushwa katikati ya bega na kiwiko: sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Chini ya hapo hadi 11.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Miguu nayo ibonyezwe kwa kidole gumba, maana uvimbe wa miguu yote miwili hudanganya macho kwa unene usiokuwapo.

Amma mama lishe, auzaye chakula cha kupikwa mtaani, yeye si wa kuhubiriwa. Anajua, kuliko sisi, wateja wake wana shilingi ngapi. Aombwe tu azidishe mboga na apunguze mafuta, na anayemwomba awe mteja wake.

Yote haya hayafanyiki kwa ziara moja yenye kupigwa picha. Jumamosi ya kwanza mama humficha mtoto nyuma ya pazia, akidhani mgeni amekuja kumhukumu. Ya pili humtoa kwa kusitasita. Ya nne utepe haujatoka mfukoni, naye amekwisha kukunja mkono wa fulana ya mwanawe.