Theluji ya London Yafika Kuze

Kaskazi ikivuma, adhuhuri ya Kuze si ya mchezo. Vichochoro huwa vitupu, wakubwa wamejifungia na feni zao, na wanaoonekana njiani ni watoto tu wanaokwenda kununua barafu za ukwaju. Wakati kama huo, Jumatatu ya tarehe 2 Februari 2009, mama mmoja wa mtaa huo alipigiwa simu na mwanawe kutoka London. Alishtuka, maana mwanawe alikuwa dereva wa basi, na saa hizo huwa kazini.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna neno, mama. Leo mabasi hayatembei. Theluji imetufungia."

Hakumdanganya. Usiku wa kuamkia siku hiyo London iliangukiwa na theluji ambayo haikuiona kwa miaka 18. Mabasi ya mji mzima yakaondolewa barabarani, skuli nyingi zikafungwa. Wenye biashara walihesabu hasara, lakini nyumbani kwa dereva huyu ilikuwa sikukuu. Msomaji aliyefanya kazi ya zamu atanielewa: baba hutoka watoto wamelala, na akirudi huwakuta wamelala. Siku hiyo walimpata tangu asubuhi. Walirushiana mabonge ya theluji uani, na mkewe, aliyeapa kwamba hatoki, alipigwa bonge la bega palepale mlangoni. Akatoka kulipiza.

Yote hayo mama wa Kuze aliyasikia kwa simu, vicheko kwanza na maelezo baadaye. Mjukuu mdogo ndiye aliyejitwika kazi ya kumfahamisha.

"Ni kama barafu, nyanya, lakini laini."

"Laini vipi?"

"Kama unga."

"Ina utamu?"

"Haina ladha."

"Sasa ya nini?"

Shida ya mtoto yule si ngeni pwani yetu. Mhubiri Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, alikiona kilele cheupe cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alipouliza ule weupe ni nini, aliyemwongoza njia alimjibu kuwa ni baridi. Jina jingine hakuwa nalo. Tena Rebmann alipotangaza habari hiyo, bingwa mmoja wa jiografia huko London, Desborough Cooley, alimbishia kabisa. Theluji karibu na ikweta? Hakukubali.

Na lugha yetu ina mzaha wake. Neno barafu asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi barf ndiyo theluji yenyewe. Theluji nalo limetoka kwa Waarabu. Majina mawili tumeletewa na bahari, kitu chenyewe hakikuletwa. Hivyo mtoto wa Kuze anyonyaye barafu ya ukwaju analitaja neno la theluji bila kujua.

Mama huyo alinisimulia haya barazani kwake, kisha akaingia ndani kuniletea picha waliyomtumia. Watoto wawili wamesimama pande mbili za mtu wa theluji, baba yao amechutama nyuma akicheka kwa kinywa wazi. Kichwani mwa mtu yule wamemvika kofia ya kushona kwa mkono.

"Kofia hiyo niliishona mimi, miezi mitatu," akasema. Aliifuta picha kwa upindo wa leso, akaitazama tena. "Nikawaambia, mvueni upesi, italowa. Wakacheka. Na baba yao akacheka nao."

Keshoye alirudi kwenye basi.