Mwanariadha Naye Huugua kwa Mawazo



Sisi wa Suguti tuna sababu ya kujivunia riadha. Suleiman Nyambui alizaliwa hapa jirani, Majita. Mwaka 1980 alikwenda Moscow kwenye Michezo ya Olimpiki. Alikimbia mita 5,000 akapata medali ya fedha. Ndiyo maana kijana wetu akionekana ana mbio, kijiji kizima humwekea matumaini. Ni jambo jema. Lakini matumaini ya watu wengi ni mzigo, na mzigo huo huweza kuleta ugonjwa.

Kwa mwanariadha wa kulipwa, mbio ndizo shamba lake. Asiposhinda, hapati fedha. Nyumbani wanamsubiri kwa ada ya shule, bati za nyumba na mahari ya kaka. Basi hufanya mazoezi asubuhi na jioni, hata akiumwa. Usiku anawaza.

Mwili wa mtu mwenye hofu hujiandaa kana kwamba ameona mamba ziwani. Moyo hupiga haraka. Misuli hukaza. Tumbo huacha kusaga chakula vizuri. Hali hiyo ikiwa ya dakika chache, humwokoa. Ikidumu kwa miezi, humwangusha. Usingizi hupotea. Chakula hakitamaniki. Mafua hayaishi. Msichana huweza kukosa hedhi. Mbio zenyewe hupungua, naye hudhani ni uvivu, kwa hiyo huongeza mazoezi. Hapo ndipo anapojimaliza.

Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978, kwa muda wa siku 81 tu. Lakini hakupata kukimbia katika Olimpiki, kwa sababu nchi yake ilisusia michezo ya mwaka 1976 na ya mwaka 1980. Akazama katika pombe. Bingwa huyo alifika kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege huko Marekani. Baada ya miaka mingi aliacha kunywa, akaandika kitabu juu ya maisha yake. Alifariki Februari 2024.

Simone Biles wa Marekani, bingwa wa michezo ya viungo, alifanya tofauti. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alijitoa katikati ya mashindano akasema akili yake haiko sawa. Wapo waliomwita mwoga. Mimi nasema alifanya vyema, maana kuruka juu hewani na akili imevurugika ni kutafuta kuvunjika shingo. Alipumzika. Mwaka 2024, huko Paris, alishinda medali 3 za dhahabu.

Sasa tuje hapa kwetu. Kijana wa mbio au wa mpira akilalamika kuwa amechoka, msikimbilie kusema ni mawazo. Tunaishi kando ya ziwa. Malaria ipo, kichocho kipo, na upungufu wa damu upo. Aje zahanati apimwe kwanza. Akikutwa hana kitu, msiseme anajifanya, wala msitafute aliyemroga. Na msitudai dripu! Maji ya chupa hayaondoi mawazo.

Dawa yake ni kupumzika, tena si kwa siku moja. Pengine ni majuma kadhaa. Ale vizuri, alale usiku kucha, aache pombe. Apate mtu mmoja wa kumweleza shida zake bila kuchekwa. Akirudi mazoezini, aanze kidogo kidogo. Kila asubuhi, kabla hajaondoka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika 1. Yakizidi ya kawaida yake kwa 10 hivi, siku kadhaa mfululizo, asikimbie.

Akisema maisha hayana maana, au kwamba heri afe, msimwache peke yake hata usiku. Ondoeni kamba na sumu ya pamba ndani ya nyumba. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo.